Ushanga wa Mzee Kikoti

Katika Makao ya Wazee Nyumbatatu hakuna kijidudu kilichowahi kunipita. Andika hivyo hivyo, usipunguze neno. Miaka miwili na miezi minne nimekaa kwenye chumba cha Pua, na muda wote huo hakuna mzee aliyekohoa kabla mimi sijajua kwamba atakohoa. Mafua nimeyadaka mlangoni. Kuhara nimekuzuia jikoni, sufuria bado imefunikwa. Sista Hongoli, muuguzi mkuu wetu, mwanamke asiyeisifu hata mvua ya kwanza, aliwahi kusema mbele ya wafanyakazi wote: "Huyu Mapunda anaropoka, lakini kazi anaijua." Nikamwomba arudie nusu ya pili. Akakataa.

Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumanne ni siku ya kucha. Kucha ndefu zinaficha uchafu, kwa hiyo kila Jumanne saa mbili asubuhi nachukua ndoo ya maji ya dawa, mkasi na stuli, navaa glavu, napita barazani mzee mmoja baada ya mwingine. Naanza na Mzee Kikoti kwa sababu ndiye mwenye maneno, na mimi asubuhi bila maneno siamki vizuri.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mkimbizi. Babu zako walitoka kusini mbio, mpaka leo hamjapumua."

"Tulisimama hapa kidogo tu, Mzee. Tulisikia harufu ya nyama inachomwa. Tukasogea tuone ni nyama gani, tukasikia inabweka."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Yeye Mhehe, mimi Mngoni. Babu zetu walichinjana, sisi tumebakiziwa kutaniana, na sheria ya utani ni kwamba hakuna kununa. Mtani anaweza kukupora kofia msibani ukaikomboa kwa kicheko. Mzee Kikoti ana miaka themanini na mitatu, na arobaini kati ya hiyo alikuwa refa wa mpira. Sista alimnyang'anya filimbi kwa sababu ya mate, basi akajikatia kadi ya njano kutoka kwenye boksi la sabuni. Ukimchelewesha chai, unaonyeshwa.

Nikamshika mkono wa kushoto. Kwenye kifundo kulikuwa na ushanga wake, wa bluu, mdogo kama punje ya mtama.

Kila mtu Nyumbatatu anavaa ushanga. Darini kuna vitundu, kila hatua nne kitundu kimoja, vinanusa pumzi za watu usiku na mchana. Hiyo ndiyo Pua. Inanusa homa siku mbili kabla mwenyewe hajahisi baridi. Lakini pumzi peke yake haina jina. Jina liko kwenye ushanga. Na ushanga una kumbukumbu: ukisogeleana na mwenzako chini ya urefu wa mkono, shanga zenu zinaandikiana, halafu zinalia kama vyura mpaka muachane. Zetu wafanyakazi hazilii, na zikiwa karibu hata za wazee hunyamaza ili tufanye kazi, ila zote zinaandika. Mtu akiugua, Pua inafuata maandishi hayo nyuma, huyu kamgusa yule, yule kamgusa huyu, na hapo unapata mnyororo. Walio kwenye mnyororo wanatengwa, wanapewa dawa. Wasiokuwemo wanakula ugali wao kwa amani.

Zamani shanga zilikuja na vikuku vya plastiki, vikawachubua wazee ngozi. Bibi Salafina Nyenza, mkazi wa bweni la wanawake, akasema, leteni hapa. Amesuka vikapu vya milulu, yale majani marefu ya kinamasini, tangu utoto. Akasokota kamba nyembamba za milulu, akafunga shanga zote themanini na sita kwa mkono wake, na tangu siku hiyo hakuna aliyechubuka.

Sasa mimi na mkasi wangu. Nilikata kucha ya kidole gumba, nikakata ya shahada, halafu, sijui ni shetani gani, nikaingiza ncha ya mkasi chini ya kamba. Kacha. Fundo likaanguka kwenye ndoo ya kucha, ushanga na kamba yake vikabaki kiganjani mwangu.

"Mateka!" nikasema.

Mzee Kikoti akautazama mkono wake mtupu, akanitazama mimi. Taratibu akatoa kadi ya njano.

"Kadi haisaidii. Lipa faini. Chungwa moja, ulimenye mwenyewe, ganda lisikatike hata mara moja. Ukilikata unaanza lingine."

"Na nikichelewa?"

"Ushanga unalala mfukoni mwangu."

Nilitegemea alalamike. Badala yake aliuzungusha ule mkono juani, mbele na nyuma, kama mtu aliyenunua saa mpya.

"Basi usiwe na haraka, mtani," alisema. "Machungwa yapo mengi. Nitachagua."

Nikautia ushanga mfuko wa shati, juu ya moyo. Nilipanga kumrudishia baada ya nusu saa. Nikaendelea na kucha za wazee wengine wanane, nikapitia jikoni kuwatania wapishi, nikapeleka mashuka kwa dobi. Na nikasahau. Ukitaka neno zuri zaidi, litafute wewe. Mimi ninalo hilo tu.

*

Saa nane kasoro dakika kumi nilikuwa kwenye chumba cha Pua nakula karanga, jambo ambalo haliruhusiwi, kioo kilipogeuka chekundu.

Kwa miaka miwili nilikuwa nimekiona kikiwa cha kijani, na mara chache cha njano. Chekundu nilikiona mafunzoni tu, kwenye picha. Karanga moja ilikwama kooni.

HOMA YA VUMBI. UKUMBINI, KISHA BARAZANI. UHAKIKA 98. MWENYE PUMZI: MGENI.

Nilisoma mara tatu. Homa ya Vumbi ndiyo iliyotuletea Pua. Miaka mitatu iliyopita, kabla sijaajiriwa, iliingia Nyumbatatu na mtu mmoja aliyekuja kuleta mahindi, na katika siku kumi ikachukua wazee kumi na tisa. Majina yao yameandikwa ukutani kwa rangi ya mafuta pale penye mabomba ya kunawia, ili unapochoka kuhesabu sekunde ishirini za sabuni uyasome.

Sista Hongoli aliingia bila kubisha. Barakoa ilikuwa tayari usoni, na juu yake macho mawili tu.

"Mgeni gani, Mapunda? Leo Jumanne. Wageni ni Jumamosi."

"Nashangaa hata mimi, Sista."

"Nani kafungua geti?"

"Hakuna."

"Basi kuna mtu humu ndani anapumua bila jina." Akasogea karibu na kioo. "Pua imehangaika naye tangu saa nne. Angalia. Inamnusa, inatafuta ushanga, haiuoni, inaanza upya. Ingekuwa na jina ingetuambia saa nne ile ile. Saa nne, Mapunda!"

Mkono wangu ulikuwa umepanda wenyewe mpaka mfuko wa shati. Nilikigusa kile kitu kidogo kupitia kitambaa. Kikoti, Kikoti, Kikoti.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sentensi ilikuwa fupi: Sista, ni Mzee Kikoti, ushanga wake ninao. Mtoto wa darasa la kwanza angeisema.

Lakini nilikuwa namjua fundi Danda. Alikuwa fundi bomba mjini, akaukata ushanga wake siku moja ili awahi harusi ya mdogo wake, akakamatwa. Kukata mnyororo ni kosa ambalo adhabu yake haina jela. Wanakupa ushanga mweusi, basi. Na siku hizi Pua ziko kila penye mlango: shuleni, sokoni, kituo cha basi, kanisani. Ukiwa na mweusi hakuna mlango unaofunguka. Fundi Danda ananunua sabuni kupitia dirishani. Mkewe alijifungua hospitali, yeye akamwona mtoto siku ya arobaini, kupitia seng'enge. Mimi nina miaka ishirini na miwili. Mimi ni mtu wa watu, jamani. Nikikaa siku nzima bila kumtania mtu nitakufa kabla ya homa yoyote.

"Ngoja nikague shanga, Sista," nikasema. "Pengine kuna mmoja umekufa betri."

"Kimbia."

Nikakimbia. Mzee Kikoti alikuwa amelala kwenye kiti barazani, mdomo wazi, anatabasamu usingizini kama mtoto aliyeshiba. Shavu lake lilikuwa jekundu, na nikajua si jua. Nilipiga goti, nikamzungushia ile kamba kifundoni. Ilikuwa imepungua kidogo, lakini nikaifunga. Hakuamka.

Niliporudi, kioo kilikuwa kimeshabadilika.

HOMA YA VUMBI. BARAZANI. MWENYE PUMZI: KIKOTI, A.

"Imempata," alisema Sista, akashusha pumzi ndefu. "Mashine nayo inakosea halafu inajirudi. Kazi nzuri. Ulifanya nini?"

"Niliufuta tu, Sista. Ulikuwa na sabuni."

Alinipiga begani. Sijawahi kupigwa begani na Sista Hongoli. Nilitamani anipige kofi.

*

Wakambeba Mzee Kikoti hadi Chumba cha Kioo, kile ambacho hewa yake inavutwa juu na kuchomwa, wakamwekea oksijeni. Wagonjwa wakidakwa siku ya kwanza, saba katika kumi wanapona. Nilijiambia saba ni wengi. Nilipata daraja la tatu kidato cha nne, hesabu zangu hazikuwa nzuri, lakini saba ni wengi.

Kisha mnyororo ukachapwa.

Sista aliuchukua kutoka kwenye mashine, akausoma akiwa amesimama. Majina kumi na mawili. Wazee wanane wa bweni la wanaume, wapishi wawili, dobi mmoja. Na jina la kwanza kabisa, juu ya wote.

"Mapunda, E.," alisoma. "Tangu saa mbili na dakika tano asubuhi hadi saa nane kamili mchana. Bila kuachana." Akanitazama. "Bila kuachana hata dakika moja?"

"Nilikuwa namhudumia, Sista. Kucha."

"Saa sita za kucha?"

"Ni za refa. Ngumu."

"Hapa inasema saa nne na robo mlikuwa chooni. Choo cha wafanyakazi. Wote wawili."

"Alipotea njia. Nikamsindikiza."

"Mkajifungia ndani dakika saba."

Nilitafuta mzaha, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuta ghala ni tupu. Nikasema tu, "Mzee ana aibu, Sista," na yeye, kwa kuwa simu ilikuwa inalia na watu walikuwa wanamwita, akatikisa kichwa na kuiacha.

Mipulizo iko kwenye friji ndogo ya ofisini: kichupa kimoja, mpulizo mmoja wa puani, mtu mmoja. Ukiupata ndani ya saa nane tangu uguswe, homa haikushiki. Ukichelewa, ni maji ya chumvi tu. Friji ilikuwa na vichupa kumi na viwili. Najua, ni mimi ninayevihesabu kila Ijumaa. Majina kumi na mawili, vichupa kumi na viwili, na wafanyakazi wakaambiana huu ni mkono wa Mungu.

Nilisimama mlangoni nikawaangalia wakihamishwa. Mzee Kihwele, aliyenusurika miaka mitatu iliyopita lakini kaka yake hakunusurika, alipoona kitanda chake kinasukumwa kuelekea vyumba vya pekee aliishika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Sijamgusa mtu, mwanangu," aliniambia. "Jamani, mimi sijamgusa mtu yeyote. Waambie."

Alikuwa anasema kweli. Kikoti hakumsogelea. Ni mimi niliyemsogelea, na jina la Kikoti mfukoni. Nikamfumbua kidole kimoja kimoja kutoka kwenye fremu, vidole nilivyovikata kucha asubuhi ile.

"Ni tahadhari tu, Mzee," nikasema.

Kichupa cha mwisho kilikuwa changu. Sista alikikung'uta, akasema, "Inua kidevu." Nilifungua mdomo niseme. Ninaapa nilifungua. Halafu nikainua kidevu.

Dawa ilipanda puani ikachoma kama pilipili, machozi yakanitoka, na Sista akadhani ni ya dawa.

*

Saa tisa na nusu nilipelekwa kumlisha Mzee Kikoti uji, kwa sababu nilishapata mpulizo. Nilivaa gauni la plastiki, barakoa mbili, miwani. Ndani ya Chumba cha Kioo unasikia pumzi yako mwenyewe kuliko kitu kingine. Kifundo cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kitupu tena: sheria ya pale ni kwamba ukiingia, kamba inakatwa, ushanga na kamba vinachemshwa, halafu vinapelekwa kwa Bibi Salafina afunge upya.

Alifumbua macho. Sauti ilikuwa imekwaruza.

"Mkimbizi. Umevaa kama mzuka."

"Kunywa uji, mtani."

"Faini yako sina." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika kichwa mpaka kikapita. "Chungwa nililimenya. Ganda moja, refu, kama nyoka. Halikukatika. Lakini nimelila."

"Umelila peke yako?"

Mzee wa miaka themanini na mitatu, na niliona wazi kabisa anaona haya.

"Mtani anaweza kutunza siri?"

"Sema."

"Ule ushanga ulipotoka," alisema, "nikafikiri, leo hakuna chura. Leo naweza kukaa karibu na mtu. Nikaenda kwenye ukumbi, upande wa dirishani, pale Salafina anaposukia. Nikamwambia, nipe mkono wako nione kama utalia. Akanipa. Haukulia. Wangu haupo, wake ungelia na nani?" Alitazama dari. "Miezi kumi na minne, kijana. Tangu niletwe hapa sijashika mkono wa mtu asiyevaa glavu. Una magamba, mkono wake, kwa sababu ya milulu. Nimeushika kuanzia saa tatu mpaka mlipogonga kengele ya chakula. Tukala chungwa. Nusu yangu, nusu yake. Alinilisha."

Kijiko kilikuwa hewani. Nikakirudisha bakulini. Saa tatu. Nikahesabu kwa vidole kama mtoto: nne, tano, sita, saba, nane, tisa, kumi, kumi na moja. Saa kumi na moja jioni mlango wa Bibi Salafina unafungwa. Vichupa vyote kumi na viwili viko puani mwa watu ambao hawakuguswa, na kimoja kiko puani mwangu.

"Mbona umenyamaza?" Mzee Kikoti aliuliza. "Kwani yeye hajapewa dawa? Mmempa, sivyo?"

"Kunywa uji, Mzee."

"Nimekuuliza."

"Orodha iko kwa Sista," nikasema.

Mkono wake ukaanza kupapasa kifuani, polepole, na nikajua anatafuta kadi, na kadi walishaichoma pamoja na nguo zake.

*

Nilipiga simu Bohari ya Wilaya. Droni yao ikitoka inatua kwetu baada ya nusu saa, kwa hiyo isipotoka kabla ya saa kumi na nusu haina maana. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano.

"Nahitaji mpulizo mmoja Nyumbatatu," nilisema. "Haraka."

"Jina la mgonjwa?" Kijana wa Bohari alikuwa anatafuna kitu.

"Salafina Nyenza."

Vidole vikagonga. "Huyo hayumo kwenye mnyororo wenu, kaka."

"Muweke."

"Mimi natunza friji, sitengenezi mnyororo. Ushanga wake unasema tangu asubuhi hajakaribiana na mtu. Yaani huyo bibi ndiye msafi kuliko wote hapo kwenu."

"Nimemwona kwa macho yangu akimgusa mgonjwa."

"Basi Pua imeona zaidi yako." Akatafuna. "Iko njia moja. Mlinzi wa Pua aandike kwamba mnyororo umekatwa, aseme nani kaukata, aweke kidole. Hapo orodha inafunguka, nakutumia vichupa hata ishirini. Wewe ndiye mlinzi?"

"Ndiyo."

"Haya, weka kidole basi. Tatizo nini?"

Nikakata simu.

Fomu ilikuwa pale pale kwenye kioo, ina mistari miwili na duara la kidole. MNYORORO UMEKATWA NA. Nikaandika M. Nikafuta. Nikajaribu kuandika kwamba ushanga ulikuwa mbovu. Fomu ikakataa, ushanga mbovu una alama yake na huu haukuwa nayo. Nikajaribu kuandika Kikoti, A. Ndiyo, nilijaribu. Niliandika herufi zote za jina la mzee aliyelala kwenye oksijeni, nikazitazama. Yeye ushanga mweusi ungemfanya nini, hatoki hapo alipo. Duara la kidole likawaka likisubiri. Nikafuta na hilo, na sitasema nilifuta kwa sababu mimi ni mtu mwema. Nilifuta kwa sababu nilisikia hatua.

Saa ya ukutani ilisema saa kumi na robo.

Alikuwa Bibi Salafina, na nyuma yake Sista Hongoli akimfuata kwa wasiwasi.

"Bibi, huku hawaingii wakazi," Sista alikuwa anasema. "Kaa barazani, tutakuletea."

"Sikai, namtafuta mjukuu wangu." Alikuwa mwanamke mfupi, mgongo umepinda kidogo, mfuko wa kusukia begani. Alisimama umbali wa mkono mmoja na nusu kutoka kwangu, kama sheria inavyosema, akaniangalia usoni. "Kamwene, Mapunda."

"Kamwene, Bibi."

"Umechoka. Macho mekundu."

"Ni dawa, Bibi."

"Pole." Akatoa mfukoni mwake kitambaa cheupe, akakitandaza juu ya meza yangu. Juu yake kulikuwa na ushanga wa bluu na kipande kipya cha kamba ya milulu. "Wameniletea wa Kikoti nifunge. Lakini leo vidole vimekataa. Vina baridi, sijui kwa nini, na jua lote hili. Nifungie wewe. Una vidole vya kijana."

Vina baridi. Nilisikia maneno hayo mawili na mengine yote yakapita. Homa ya Vumbi inaanzia vidoleni. Imo kwenye ukurasa wa kwanza wa mafunzo. Lakini haiwezekani iwe mapema hivyo, siku haijaisha, ni uzee tu, ni kazi ya milulu. Kichwani nilikuwa natunga hotuba. Sista, kuna jambo. Sista, unakumbuka asubuhi. Sista, usikasirike. Wakati kichwa kinatunga, mikono ilichukua kamba, ikapitisha ushanga, ikafunga. Nikamsogezea.

"Tayari, Bibi."

Hakuuchukua. Alitia mkono mfukoni mara ya pili, akatoa kipande kingine cha kamba, kimefifia kwa kuchemshwa, kimekatwa na mkasi upande mmoja. Upande wa pili kilikuwa na fundo. Akakilaza taratibu kwenye kitambaa, kando ya kile nilichokifunga sasa hivi.

Mafundo ya Bibi Salafina hayana masikio. Kamba inaingia ndani ya kamba na kupotea, kama kwenye mdomo wa kikapu; hata ukilitafuta kwa kucha hulioni linapoanzia. Yale mawili juu ya meza yalikuwa na masikio. Masikio mawili kila moja, la kushoto kubwa kuliko la kulia, jinsi nilivyofundishwa kufunga viatu vya shule na mama yangu na nikashindwa kujifunza vizuri.

Sista Hongoli aliinama. Alitazama fundo la kwanza, akatazama la pili. Kisha akatazama kioo nyuma yangu, ambako fomu ilikuwa bado wazi na duara likiwaka. Nilimwona akisoma. Nilimwona akikumbuka choo.

"Mapunda," alisema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Asubuhi nilimshika Kikoti mkono wa ushanga huu," alisema Bibi Salafina, na aliniambia mimi, si Sista. "Ulikuwa mtupu. Nikajua kuna mtu kaufungua, nikanyamaza, kwa sababu na mimi nilifurahi. Sikuuliza ni nani. Sasa Kikoti yuko kwenye kioo, mimi sijaitwa, na Kihwele analia huko ndani kwamba hajagusa mtu."

Saa kumi na dakika ishirini. Zilikuwa zimebaki dakika kumi droni itoke, na duara la kidole lilikuwa linawaka nyuma yangu.

Bibi Salafina akaunyoosha mkono wake juu ya meza, mtupu, bila glavu, una magamba, kiganja juu, mkono wa mtani anayedai chake.

"Haya, Mngoni," alisema. "Lipa."